Mpangilio Ndiye Mhakiki wa Kwanza

Niliwahi kuandika uhakiki mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka naona aibu. Mshairi kijana, jina lake nalihifadhi, alinitumia shairi lake kwa simu. Nililisoma nikiwa ndani ya daladala, na niliposhuka kituoni tayari nilikuwa nimeshalihukumu: vina vya kati havionekani, mshororo mmoja mrefu, unaofuata neno moja tu, mtunzi hajaamua kama anaandika shairi la kimapokeo au shairi huru. Nikaandika hivyo hivyo, kwa kujiamini kabisa, na watu wakasoma.

Mshairi hakunitukana. Alinijibu kwa maneno machache: "Kaka, hebu lisome kwa sauti." Nikalisoma kwa sauti. Jamani! Lilikuwa tarbia iliyotimia. Mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Shairi halikuyumba popote. Kilichoyumba ni kioo cha simu yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbishi juu ya jambo ambalo wengi wetu wapenda fasihi huliona dogo: namna maandishi yanavyopangwa ili yasomeke. Tunalichukulia kama kazi ya fundi wa kompyuta, au urembo wa mwishoni, kama kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa. Mimi nasema siyo. Anayepanga maandishi ndiye mhakiki wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayemwambia msomaji wapi pa kupumua, kipi kimeshikana na kipi, na kipi kisimame peke yake.

Mshororo na kioo cha simu

Tufanye jaribio. Hii hapa mishororo miwili niliyoiunga mwenyewe kwa ajili ya mfano tu, si ya kushindania tuzo:

Ukurasa ni uwanja, maneno ni wachezaji,
Ukibana unapunja, haki yake msomaji.

Mshororo wa kwanza, ukihesabu herufi pamoja na nafasi na mkato wa katikati, unafika 38. Simu yangu, kwa ukubwa wa herufi ambao macho yangu yanauweza, inachukua kama 30 kwa mstari. Kwa hiyo nilichokuwa naletewa ni hiki:

Ukurasa ni uwanja, maneno ni
wachezaji,
Ukibana unapunja, haki yake
msomaji.

Umeona kilichotokea? Kina cha kati, -nja, kimezama katikati ya mstari. Neno la mwisho limetupwa chini kama mtoto yatima. Aliyekata hapo si mshairi, ni mashine iliyoishiwa nafasi. Mimi mhakiki mzima nikaukosoa ukataji wa mashine nikidhani nakosoa utunzi.

Dawa yake haina gharama. Ukijua kioo hakitoshi, kata wewe kabla mashine haijakata, na ukate pale shairi lenyewe linapopumua, yaani kati ya ukwapi na utao:

Ukurasa ni uwanja,
maneno ni wachezaji,
Ukibana unapunja,
haki yake msomaji.

Herufi kubwa zimebaki mwanzoni mwa kila mshororo, ili msomaji ajue kwamba mistari ni minne lakini mishororo ni miwili. Vina vyote vimerudi ukingoni ambako jicho linaviona. Hakuna neno hata moja lililoongezwa.

Wazee walilijua hili

Tusidhani tatizo hili limeletwa na simu. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na mara nyingi ubeti mzima wa vipande vinne uliandikwa katika mstari mmoja, na alama ndogo ikitenga kipande na kipande. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi ubeti hadi ubeti. Kwa mpangilio ule, kina cha bahari kilikaa ukingoni mwa ukurasa, kikashuka chini kama shanga katika uzi mmoja. Msomaji alikiona kabla hajakitamka.

Tenzi zilipohamishiwa kwenye hati za Kilatini, ubeti ukageuka kuwa mistari minne mifupi. Tulipata kitu: vipande vinahesabika kwa urahisi. Tulipoteza kitu pia: ule uzi wa shanga sasa umekatizwa na mistari mitatu kila mara. Sisemi turudi nyuma. Ninachosema ni kwamba kila mpangilio huonyesha jambo moja na kuficha jingine, na mpangaji ndiye anayechagua.

Kwa shairi huru hatari ni kubwa zaidi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mabishano kati ya wanamapokeo na wanausasa yalikuwa makali, na lawama kubwa ilikuwa kwamba shairi lisilo na vina wala mizani si shairi. Tarbia ikivurugwa ukurasani, sikio linaweza kuiokoa, kama lilivyoniokoa mimi. Shairi huru halina mwokozi wa namna hiyo. Mahali mstari unapokatika ni sehemu ya maana yake. Likinakiliwa na kubandikwa hadi mistari ikaungana kuwa aya moja, umempa hoja ya bure yule anayesema kwamba ile ni nathari tu.

Na makala je?

Hata sisi waandishi wa nathari hatujasalimika. Kiswahili kina tabia yake: mtenda, wakati na mtendwa tunawafunga katika neno moja. "Atakayetusimulia" ni herufi 16. Maneno mawili ya namna hiyo hayaenei katika mstari wa herufi 30. Sasa mtu akilazimisha maandishi yanyooke kushoto na kulia kama ukuta, mashine inabaki na maneno mawili matatu kwa mstari na inayavuta hadi yanaachana mashimo katikati. Jicho linaruka mashimo badala ya kusoma. Nyoosha kushoto, kulia paache pawe kama meno ya msumeno. Hakuna atakayekudai.

Aya nayo ina haki yake. Aya ndefu ya kioo kizima na nusu inamchosha msomaji, hilo tunakubaliana. Lakini siku hizi tumekimbilia upande wa pili, kila sentensi inapewa aya yake.

Kama hivi.

Na hivi.

Hoja inakuwa kama mwenye kwikwi. Uhakiki ni kujenga: dai, ushahidi, pingamizi, jibu. Vitu hivyo vinataka kukaa chumba kimoja vizungumze. Ukivitenga kila kimoja na chumba chake, msomaji hatajua nani anamjibu nani. Vivyo hivyo herufi nzito: neno moja likikozwa katika ukurasa linaitwa sauti, maneno ishirini yakikozwa yanaitwa kelele.

Kipimo changu sasa ni kile alichonipa yule kijana. Nasoma kwa sauti, na pale ninapopumua naangalia kama ukurasa nao unapumua. Halafu nafungua simu, nione msomaji ataletewa nini hasa.

Yule mshairi nilimwomba radhi hadharani, na shairi lake nikalitoa upya likiwa limepangwa inavyostahili. Radhi aliipokea. Lakini aliniambia kwamba alikuwa ameshalitoa shairi lile katika mswada wa diwani yake, kwa sababu, kwa maneno yake, "nilidhani wewe unajua." Nimemsihi alirudishe. Mara ya mwisho tulipoongea alisema bado anafikiria.