Udongo wa Kichuguu

Vilima vya shaba vya Fungurume, katika Katanga kusini mwa Kongo, havioti miti. Misitu ya miombo huvizunguka pande zote, hupanda mpaka miguuni pake, kisha hukoma. Kutoka hapo kwenda juu ni nyasi fupi, mawe yenye ukijani, na mimea michache inayostahimili shaba na kobalti. Mmojawapo, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, hupenda udongo wa shaba kiasi kwamba watafiti wa mambo ya kale waliufuata ili kugundua mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba, karne nyingi kabla ya Wabelgiji kufika. Mvua ya huku si haba, takriban milimita 1,200 kwa mwaka, ila karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Mei mbingu hufunga. Kwa hiyo jangwa letu lina vyanzo viwili: madini yanayounguza mizizi, na miezi mitano ya ukavu.

Na bado watu wanalima mboga. Wengi ni akina mama, mabondeni na pembezoni mwa mji: lengalenga, kabichi, vitunguu, nyanya. Nimewasaidia kwa kujitolea, na ufundi wao nauheshimu kuliko kazi nyingi zinazolipwa vizuri katika ukanda huu.

Kazi huanza kabla ya jua, kwani maji yanayomwagwa jua likishapanda huishia hewani. Juni na Julai baridi ya alfajiri hufanya vidole vigumu kwenye mshikio wa ndoo. Unachota kisimani, unanyunyiza kwa kopo lililotobolewa matundu madogo ili uso wa udongo usigande, unarudi kuchota tena. Wakati wa mvua vitanda vya mboga huinuliwa, lakini kiangazi huchimbwa vikazama, maji yasipate pa kukimbilia, kisha hutandazwa nyasi kavu juu. Mama mwenye bustani hana kipimo chochote. Anafinya konzi ya udongo, anaifungua, anachomeka kidole mpaka kifundoni. "Bado, mwanangu," anasema, "chini kungali kukavu." Nami narudi kisimani.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi anavyosoma jani. Likigeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, hahitaji kuambiwa kwamba mmea unanyimwa chuma na shaba iliyozidi. Anaung'oa, anautazama mzizi: mfupi, mnene, umekatika ncha. Hapo halaumu mbegu wala jua. Anachukua jembe na karai, anaelekea kwenye kichuguu.

Vichuguu vya Katanga ni vilima kamili, vingine vina urefu wa zaidi ya mita tano, na miti huota juu yake. Mchwa waliovijenga, Macrotermes falciger, hupandisha mfinyanzi kutoka chini sana, na kwa muda mrefu kichuguu hujikusanyia chokaa ambayo mashamba ya kandokando hayana. Udongo wake hauna ukali wa asidi kama wa shamba. Asidi ikipungua, shaba hushikwa na udongo badala ya kufyonzwa na mzizi. Mfinyanzi nao hushika maji. Ukiuponda, ukauchanganya na mbolea ya kuku na majani yaliyooza, kitanda kilichokuwa kimekufa hukubali mbegu. Kuuponda ndiyo kazi ya mtu wa kujitolea. Ni mgumu hasa, na mikono huota malengelenge.

Mwaka 2015 watafiti waliopima vichuguu vya karibu na Lubumbashi walitangaza kwamba kimojawapo kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Tangu niliposikia hilo, nawatazama kwa uchungu wafyatuaji wa matofali wanaokimaliza kichuguu kizima kwa kiangazi kimoja. Nyumba zinahitajika, naelewa. Mama wa bustani, kwa upande wake, huchukua ubavuni tu, makarai machache, na kileleni hagusi.

Mbali sana na hapa, Yatenga kaskazini mwa Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo naye alifanya kazi na mchwa, ila kwa njia nyingine. Katika ukame wa miaka ya 1980 alichimba mashimo kwenye ardhi iliyogeuka mwamba, akatia samadi humo kabla ya mvua. Samadi iliwavuta mchwa, mchwa wakatoboa njia, maji yakazama chini. Alivuna mtama, kisha akakuza msitu, akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Fungurume mchwa amekwisha kumaliza kazi yake zamani, na mkulima anakuja kuomba sehemu. Kule mkulima humwalika kwanza, kisha humngoja.

Wasomi nao wamefika palepale. Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi ulioangukiwa na moshi wa tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911, ardhi ilibaki tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walijaribu kupanda humo nyasi zinazozoea shaba, wakaongeza chokaa na mboji. Chokaa na mboji, yaani vitu vilevile ambavyo mama huleta kwa karai.

Malori ya kobalti hupita kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na vumbi lake hutua juu ya majani. Ndiyo maana lengalenga husuuzwa mara mbili kabla ya kufungwa mafungu, na vitanda vilivyo karibu na barabara hupandwa vitunguu, ambavyo sehemu inayoliwa hufunikwa na maganda yanayoondolewa. Oktoba ikikaribia, visima vikiwa chini kabisa, fungu la lengalenga hupanda bei sokoni. Wakati huo ndio mama hapumziki. Anachota maji jioni pia, na pesa ya mafungu hayo ndiyo hununua madaftari ya watoto, na mbegu za msimu unaofuata.