Utii Usio na Mwisho: Hadithi Tatu za Shule za Kale za Bara Hindi

Samaki mkunje angali mbichi. Wahenga wa Bara Hindi walikuwa na imani hiyo pia. Zamani mtoto wa kiume wa tabaka za juu alitolewa kwao akapelekwa kukaa nyumbani mwa mwalimu wake, aitwaye guru. Huko alikusanya kuni, alichunga ng'ombe, aliomba chakula nyumba hata nyumba, na alijifunza maandiko matakatifu kwa kuyasikia na kuyakariri. Hadithi za shule hizo husifiwa sana kwa adabu zilizomo. Yafaa tuzipime kabla hatujazisifu.

Ya kwanza ni ya Aruni, katika utenzi mkubwa wa Mahabharata. Mwalimu alimtuma kuziba ufa wa mfereji shambani. Aruni alijaribu, akashindwa; basi akajilaza mwenyewe katika ule ufa, maji yakasimama. Mwalimu alipokuja kumtafuta alimbariki. Hadithi hii ni nzuri, kwa sababu utii wake una faida ionekanayo: shamba limepona, na mwalimu naye ametoka kwenda kumtazama mwanafunzi wake.

Ya pili, ya Ekalavya, imo katika utenzi uo huo, lakini ina uchungu. Kijana huyu wa kabila la Wanishada alikataliwa na Drona, mwalimu wa wana wa wafalme. Akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajizoeza mbele yake hata akawashinda wengine kwa upinde. Drona alipojua, alimdai ada ya ualimu: kidole gumba cha mkono wa kuume. Ekalavya alikikata akampa. Wasimulizi wengi humsifu kijana kwa utii wake. Mimi naona kuwa hadithi yenyewe yamshitaki mwalimu. Hakumfunza neno, lakini alichukua malipo, ili Arjuna, mwanafunzi wake mpenzi, asipate mpinzani.

Je, wasichana? Sheria zilizopewa jina la Manu zasema kwamba ndoa ndiyo jando la mwanamke, na kumtumikia mume ndiko kukaa kwake kwa guru. Tena zaruhusu mwanafunzi apigwe kwa kamba au ufito wa mwanzi, mgongoni tu wala si kichwani. Na katika orodha ya wawezao kupigwa hivyo, mke ametajwa pamoja na mwanafunzi. Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mvulana alimaliza masomo, akaoga maji ya kuagana na mwalimu, akarudi kwao kuwa mkuu wa nyumba. Utii wake ulikuwa na mwisho. Utii wa mkewe haukuwa nao.

Hata hivyo maandiko ya kale yamemhifadhi Gargi, na hii ndiyo hadithi ya tatu. Katika baraza la mfalme Janaka, mwanamke huyu alimwuliza maswali Yajnavalkya, bingwa wa wanazuoni, hata akaonywa asizidi kuuliza, kichwa chake kisije kikaanguka. Alinyamaza, kisha akasimama tena na maswali mawili, akajibiwa. Gargi hakukosa adabu. Alimheshimu mwanachuoni kwa kumwuliza.

Walioufuata ujasiri huo waliulipia. Katika karne ya 19, Rassundari Devi wa Bengal aling'oa ukurasa wa kitabu cha mumewe, akauficha jikoni, akajifunza kusoma kwa siri; baadaye aliandika kitabu cha maisha yake. Mwaka 1848 Savitribai Phule na mumewe walifungua shule ya wasichana mjini Pune, naye akatupiwa matope na mavi njiani.

Fimbo imekwisha kukatazwa shuleni, Kenya tangu 2001 na Bara Hindi kwa sheria ya 2009. Lakini hadithi huishi kuliko fimbo, na asifiwaye ndani yake huigwa. Basi, kijana usomaye, ukisikia mtu akisifiwa kwa utii, uliza mambo mawili: utii huo ulimfaa nani, na ulikuwa na mwisho? Aruni atajibu bila haya. Drona hataweza.