Siwati: ujasiri ndani ya kitenzi kimoja

Kila ninapofundisha shairi la 'Siwati' la Abdilatif Abdalla, wanafunzi huharakisha kulipachika jina: ushairi wa upinzani. Wakishasema hivyo huwa wamemaliza! Mimi naona wamefika mlangoni na kurudi.

Tuanze na neno lenyewe. Kuwata, kwa Kimvita, ni kuacha. Hebu tazama sarufi yake. Mshairi hasemi 'sitawata', kana kwamba anatoa ahadi ya kesho. Anasema 'siwati', kitenzi kisichobeba kiambishi chochote cha wakati. Kwa hiyo ni leo, ni kesho, ni hadi kaburini, na kweli shairi linafika kaburini. Neno hilo linarudi mwanzoni mwa mishororo karibu kuchosha, nami nadhani ndivyo lilivyokusudiwa. Anayekataa mara moja hushawishiwa tena kesho yake, kwa adhabu au kwa vinono.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, Abdilatif aliandika kijitabu Kenya: Twendapi? akikemea jinsi serikali ya KANU ilivyokuwa ikikibana chama cha KPU. Alifungwa miaka 3. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni. Uhuru ulikuwa na miaka 5 tu, na kuuliza tunakwenda wapi kulionekana utovu wa shukrani.

Lakini kuna jambo linalonikera katika 'Siwati'. Hatuambiwi waziwazi ni kitu gani hasa alichokishikilia. Hata mkaidi asiye na haki anaweza kulighani shairi hili kifua mbele. Nadhani mshairi aliiona hatari hiyo, ndiyo maana anawafafanulia waungwana kwamba hashindani na mtu, hii ni imani yake. Sawa, ila imani ipi? Mkaidi naye ana imani yake!

Jibu, kwa maoni yangu, liko nje ya shairi hilo, katika 'Kuno Kunena', kwenye diwani iyo hiyo. Huko anauliza kunena kuna nini hata mtu afungiwe na kununiwa. Basi kilichoshikiliwa ni kusema kweli. Na hilo la kununiwa ndilo linalonigusa zaidi. Kufunga ni kazi ya serikali. Wanaonuna, jamani, huenda ni wale wale uliowasemea, na muda wa kununa kwao haukadiriwi na hakimu yeyote.

Ndiyo maana nawaomba walimu wasiyatenganishe mashairi haya mawili. 'Siwati' likisomwa peke yake hubaki kuwa sifa za msimamo tu, uwe mwema au mbaya.

Mwaka 1974 diwani hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Mwenyewe wakati huo alikuwa Dar es Salaam.