Jicho la Nyumba: Fani ya Woga katika Resident Evil ya 1996

Mtu anayekutana na Resident Evil, gemu ya Capcom ya 1996, kwa mara ya kwanza leo huwa na malalamiko matatu: kamera haigeuki, mhusika anageuka kama lori lililoingia uchochoroni, na milango inafunguka polepole mno. Kisha huongeza la nne kwa sauti ya chini, kwamba zombi wenyewe hawatishi. Hilo la nne ni kweli. Zombi wa Capcom ni pembetatu chache zilizopakwa kijani na kijivu, na mwendo wao ni wa mtu aliyeamshwa usiku wa manane kufungua geti. Nimecheza gemu za kutisha tangu enzi za zile diski nyeusi za PlayStation ya kwanza, na sikumbuki mara ya mwisho zombi hao waliponishtua. Korido za jumba lao ndizo bado zinanitia woga.

Nadhani wengi wanaoiandikia gemu hii hushughulika na maudhui: virusi, kampuni ya Umbrella, usaliti wa Wesker, yale mazungumzo ya Kiingereza kibovu ambayo yamekuwa kichekesho cha kudumu. Fani wanaipita, au wanaitaja kama kero ya zamani inayovumiliwa kwa heshima ya uzee. Mimi nasema woga wote umo kwenye fani. Yale malalamiko matatu ndiyo gemu yenyewe.

Nasaba yake inasaidia kidogo. Mwaka 1989 Tokuro Fujiwara wa Capcom aliongoza Sweet Home, gemu ya Famicom iliyotokana na filamu ya Kiyoshi Kurosawa yenye jina hilohilo. Humo tayari kulikuwa na jumba, mizigo inayohesabiwa, na milango inayofunguka mbele ya macho yako. Miaka michache baadaye Fujiwara alimkabidhi Shinji Mikami kazi iliyoanzia kwenye wazo la kuirudia Sweet Home kwa mashine mpya. Huko Ufaransa, Alone in the Dark ya Frédérick Raynal ilikuwa imeshaonyesha mwaka 1992 kwamba unaweza kumtembeza mtu wa pembetatu juu ya picha iliyochorwa kabla. PlayStation ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 2 tu. Kuchora jumba zima papo hapo, pamoja na mazulia, taa za ukutani na nakshi za ngazi, kusingewezekana. Picha isiyosogea iliwezekana. Hayo yanaeleza ilikotoka, lakini hayaelezi inavyofanya kazi.

Kila chumba kimegawanywa katika picha kadhaa. Ukivuka mstari usioonekana sakafuni, picha inakatwa, unajiona kutoka pembe nyingine. Kwenye filamu mkato hufanywa na mhariri, nawe umekaa kitini. Hapa mkato unaufanya mwenyewe, kwa miguu yako, bila kujua mstari ulipo. Unasikia mkoromo wa zombi ambaye hayumo kwenye picha. Ili umwone lazima upige hatua mpaka picha ibadilike, na hatua hiyo ndiyo inayokusogeza kwake. Unaweza pia kusimama, ukainua bastola na kufyatua kuelekea ukingo wa skrini, ukisikiliza kama risasi imeingia kwenye nyama au imepotea ukutani. Ukiinua bastola miguu inaganda: hakuna kurudi nyuma huku unapiga. Sijui gemu nyingine ya wakati ule iliyomfanya mchezaji apige risasi kwa sikio.

Hapo ndipo ule ugeukaji mzito unapopata maana. Ukibonyeza juu, Jill, mmoja wa wahusika wawili unaochagua kucheza nao, anakwenda mbele yake yeye, popote alipoelekea, hata kama skrini inamwonyesha anakuja upande wako. Wageni huuona mpangilio huu kama ukorofi. Fikiria ungekuwa kinyume chake: unakimbia kulia, picha inakatwa, kulia kumekuwa kushoto, na mwili wako unarudi ulikotoka. Kamera inarukaruka, ila mbele inabaki mbele. Gemu imegawa mamlaka mara mbili. Mwili ni wako na utakutii, polepole lakini kwa uaminifu. Jicho ni la nyumba.

Chukua ile korido ya mbwa, ambayo kila mchezaji wa umri wangu anaikumbuka. Unatoka ukumbi mkuu kwa upande wa mashariki, unapita chumba chenye sanamu, unaingia kwenye korido yenye madirisha. Kufikia hapo umeshacheza muda wa kutosha kujifunza kanuni moja ambayo hakuna aliyekuambia: mandhari ni picha tu. Viti havisogei, vitabu havishikiki, mapazia hayapepei. Mchezaji mzoefu huenda mbali zaidi. Anajua kwamba kitu kinachoweza kuguswa kina rangi iliyotofautiana kidogo na ya picha, kwa sababu kimechorwa na mashine papo hapo. Jicho linajifunza kutafuta mshono huo na kupuuza mengine yote. Madirisha ya korido ile umeyaweka kwenye fungu la mengine yote. Ndipo kioo kinapopasuka na mbwa anaangukia ndani.

Kushtuka kwa kelele ni jambo la sekunde moja, na gemu yoyote inaweza kukushtua hivyo. Kinachodumu ni kile kilichovunjika pamoja na kioo. Tangu hapo hakuna picha unayoweza kuiamini kuwa ni picha tu. Jumba lina madirisha mengi, mengi mno ukianza kuyahesabu, na yaliyobaki yanafanya kazi yao bila kuvunjika. Mbwa mmoja anayatosha yote.

Sasa milango. Unabonyeza kitufe, skrini inakuwa nyeusi, mlango unatokea peke yake katikati ya giza, kitasa kinazunguka, mlango unafunguka na unaingizwa ndani. Wote tunajua kwamba wakati huo diski inasoma chumba kinachofuata. Lakini tazama jicho liko wapi. Gemu nzima umejiona kutoka nje, kutoka darini, kutoka pembe ya ukuta. Mlangoni unaona kwa macho yako mwenyewe, na hapo hapo mikono inafungwa: hakuna kitufe kinachofanya kazi. Unapewa jicho katika muda uleule unaonyang'anywa mwili. Nalo limekuwa jicho la faraja, kwa sababu zombi wa gemu hii hawafungui milango. Kila kitasa kinachozunguka ni mkataba kwamba lililoko nyuma litabaki nyuma.

Gemu inautunza mkataba huo kwa saa nyingi. Halafu unarudi kwenye jumba kuu kutoka nyumba ya walinzi, na inakuja filamu fupi iliyopigwa kwa macho ya kitu fulani. Kinakimbia, chini chini, kwenye njia uliyotoka kuipita. Kinafika mlangoni. Kinaufungua. Ni Hunter, adui wa aina mpya, na ametokea kwa mtazamo wa nafsi ya kwanza, mtazamo ambao mpaka dakika ile ulikuwa wako peke yako, mlangoni. Sitasema Mikami alipanga ulinganifu huu kwa rula. Ila umo, na mchezaji anausikia mwilini hata kama hawezi kuueleza: kuna mwingine mwenye macho kama yangu na mkono wa kushika kitasa. Miaka mitatu baadaye Resident Evil 3 ililifanya wazo hilo kuwa gemu nzima, kwa Nemesis anayekufuata kutoka chumba hadi chumba. Napendelea lile la kwanza. Nemesis anauvunja mkataba mara nyingi kiasi kwamba unaacha kuwa mkataba.

Kusevu nako kuna bei. Unahitaji taipureta, na taipureta inahitaji utepe wa wino, na utepe unachukua nafasi mfukoni. Chris, yule mhusika mwingine, ana nafasi 6, Jill ana 8. Ukibeba utepe umeacha mitishamba au risasi. Usipoubeba, ukikutana na taipureta utaitazama tu. Kwa hiyo woga unaanza mapema, mbele ya sanduku la mizigo, muziki ukiwa mtulivu na hakuna adui karibu. Unapanga mfuko kwa ajili ya korido ambayo bado hujaiona.

Vibanda vyetu vya gemu mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliibadilisha hesabu hii kwa namna ambayo Capcom hawakuifikiria. Tulilipia muda. Memori kadi ilikuwa ya mwenye kibanda, ina nafasi 15, na ligi za mpira zilikuwa zimeshazijaza. Kurudi hadi kwenye taipureta kulikuwa ni kulipa mara mbili. Wengi walicheza bila kusevu kabisa, wakifa wanaanza upya, na kwa njia hiyo nusu ya kwanza ya jumba tuliijua kama tunavyojua mtaa wetu huku nusu ya pili ikibaki uvumi. Jambo jingine lililofaa kibanda ni kamera yenyewe. Kwenye gemu ya nafsi ya kwanza aliyeshika pedi huangalia anapotaka na wengine wanamfuata. Hapa hakuna aliyeangalia anapotaka. Mchezaji na watu kumi nyuma yake walinyimwa kitu kilekile, wakapiga kelele pamoja picha ilipokatwa.

Ndani ya gemu kuna pia ukurasa mmoja wa maandishi unaostahili kusomwa kama fasihi: shajara ya mtunza wanyama, ambaye maradhi yanamwingia siku baada ya siku. Hakuna maelezo ya jinsi anavyogeuka. Sentensi zinafupika, kisha zinapoteza viungo, mpaka yanabaki maneno mawili. Sarufi inaoza pamoja na mwili. Kurasa zilizobaki za gemu hazifikii hapo, na nyingine ni maelekezo tu yaliyovikwa nguo za barua.

Silent Hill ya Konami, 1999, chini ya Keiichiro Toyama, ilikataa mbinu ya picha zilizochorwa kabla. Mji wote unachorwa papo hapo, na kwa kuwa mashine haikuweza kuchora mbali, ukungu ukaletwa kuficha ukomo. Hadithi hiyo imerudiwa mpaka imechuja. Kinachosemwa kidogo ni kwamba kamera ikipata uhuru wa kusogea, nyumba inapata tabia. Harry Mason anamfuata bintiye Cheryl kwenye uchochoro mwanzoni kabisa. Kamera inapanda juu yake, inainama upande, inampita, inamsubiri mbele. Ving'ora vinalia kwa mbali, giza linashuka, Harry anawasha kiberiti. Kamera ya Resident Evil imepigiliwa misumari ukutani. Hii inatembea naye, na inajua anakoelekea kabla yake. Mwisho wa uchochoro viumbe vidogo vyenye visu vinamzingira, silaha hana, njia ya kurudi imefungwa. Gemu inakufundisha vitufe vyake kwa kukuua, kisha unaamka kwenye mkahawa.

Hapo mkahawani unapata redio. Inakoroma kiumbe kinapokaribia, ila haikuambii kiko upande gani. Zombi wa Mikami walikoroma kwa koo zao, na sauti ilikuwa yao. Hapa hata sauti, iliyotungwa na Akira Yamaoka, ni ya kifaa chako mfukoni, na sehemu ya woga ni kwamba umeichukua mwenyewe. Ukungu unayafanyia macho jambo hilohilo. Toleo jipya la Silent Hill 2, lililotolewa mwaka 2012, liliupunguza, na wachezaji wakaona kingo ambako dunia ilikuwa imeishia bila kumaliziwa. Walioupunguza waliuona ukungu kama pazia la aibu ya kiufundi. Ulikuwa ukuta wa nyumba.

Wanaoiga enzi hiyo leo wako wa aina mbili. Wapo wanaorudisha ngozi tu: pembetatu zinazotikisika, rangi zilizochakaa, huku kamera ikikutii kama mtumishi. Na wapo kama wale Wajerumani wawili waliotoa Signalis mwaka 2022, waliobana mfuko hadi nafasi 6 wakijua wanachokibana. Crow Country ya 2024 inanipa shida zaidi. Ni nzuri, ya busara, ina hali ya kucheza bila maadui kabisa, na kamera yake inazunguka utakavyo. Niliipenda sana na haikunitisha hata kidogo. Nilipozungusha kamera mara ya kwanza nilijua jicho nimepewa.

Jaribio bora la dai langu Capcom wenyewe walilifanya. Resident Evil ilijengwa upya mwaka 2002, na mwaka 2015 toleo hilo likaletwa kwenye mashine za wakati huo likiwa na njia ya pili ya kuendesha: sukuma kijiti kuelekea popote kwenye skrini, mhusika anakwenda huko. Korido ni zilezile, zombi walewale, pembe za kamera zilezile. Lakini upana wa korido zile ulikuwa umepimwa kwa mwili unaochelewa kugeuka. Kwa njia mpya unampita zombi ubavuni kama unavyompita mtu sokoni. Usipompiga, risasi zinabaki. Risasi zikibaki, mfuko hauumizi kichwa. Mfuko usipoumiza, kubeba utepe wa wino si uamuzi tena. Hakuna ukuta uliosogezwa hata sentimita moja, na jumba limepanuka. Mimi hucheza kwa njia ya zamani. Mpwa wangu hucheza kwa njia mpya, anamaliza mapema kuliko mimi, na anauliza watu wa zamani walikuwa wanaogopa nini.