Hati Isiyo na Jina

Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote zinazojulikana leo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa Goa, India. Ukiuliza zimeandikwa kwa hati gani, utajibiwa upesi: za Kiarabu. Jibu hilo si la uongo, ila ni la mtu aliyetazama sura ya herufi akaenda zake. Ufundi wa kuainisha maandishi ya dunia hauishii kwenye sura. Mwenye ufundi huo huuliza alama inabeba nini: neno zima, silabi, konsonanti peke yake, au konsonanti na irabu kila moja kwa nafasi yake. Mwaka 1952 Ignace Gelb alizipanga hati kwa ngazi, kutoka alama za maneno, zikapita kwenye silabi, zikaishia kwenye alfabeti, kana kwamba zote zina safari moja. Mwaka 1990 Peter Daniels alitenga makundi mawili yaliyokuwa yamefichwa ndani ya ngazi hiyo: abjadi, inayoandika konsonanti na kumwachia msomaji irabu, kama Kiarabu na Kiebrania; na abugida, kama hati ya Ethiopia, ambamo umbo la herufi hugeuka kidogo kufuata irabu yake. Huo ndio umakini ninaousifu, wa kutomvisha mtu jina la jirani yake kwa kuwa tu nyuso zimefanana.

Sasa wapime kwa kipimo hicho waandishi wa Pate na Mombasa. Mwarabu akiona konsonanti za neno amekwisha kulishika shina la maana. Kwetu maana hukaa kwenye irabu, tena mara nyingi ile ya mwisho kabisa: piga, pige, pigo. Ziondoe, na amri, ombi na kipigo chenyewe vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo waandishi wetu walitia alama za irabu, yaani fataha, kasra na dhumma, herufi baada ya herufi, mstari baada ya mstari. Abjadi haiendi hivyo. Kasoro zilikuwapo, wala hazifai kufichwa: alama tatu zilibebeshwa irabu tano, p iliazima umbo la b, na n iliyotangulia d mara nyingi haikuandikwa, hata “kupenda” likabaki na k, b na d. Msomaji alijaza mwenyewe kwa kuwa lugha ilikuwa yake. Karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemwandikia mmisionari Taylor tungo za mshairi Muyaka, alizirekebisha herufi hizo ili zibebe sauti ambazo Kiarabu hakina. Kufanya hivyo ni zaidi ya kunakili hati ya wengine.

Atakuja mtu aseme kwamba Kurani nayo imetiwa irabu, basi Waswahili wamefanya jipya gani? Lakini katika Kiarabu irabu hizo ni za kitabu kitukufu na za mwanafunzi. Barua na hesabu za dukani huenda bila hizo. Kwetu barua ya kawaida ilizihitaji. Mwingine atasema majina ni mchezo wa wataalamu. Si hivyo: hati iliyobandikwa “Kiarabu” kabatini hupelekewa msomaji wa Kiarabu, naye haambulii kitu. Wahausa walau wana neno lao, ajami. Sisi, tangu kamati ya lugha ya 1930 iiimarishe tahajia ya Kilatini, tumeridhika na jina la kukopa. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya hati, ISO 15924, imeipa Fraktur ya Wajerumani msimbo wake, hati ya Kigaeli wake, na nastaliki wake, ingawa hizo ni tofauti za mtindo wa kalamu. Ya Pwani, inayotofautiana katika namna yenyewe ya kusomeka, imo tu ndani ya nambari 160, Kiarabu. Na vijana wetu wanaoisoma Kurani bila kusita, wakiletewa barua ya Kilwa, hukwama kwenye b ambayo si b.