Mstari wa Kipimo na Mbwa Arukaye

Katika maandishi yote ambayo binadamu huandika, kanuni za michezo ni miongoni mwa yale yasomwayo kwa haraka mno. Mchezaji huzisoma anapotaka kukata rufaa, na mwamuzi huzisoma anapotaka kujitetea. Mimi nimejizoeza kuzisoma kama wenzangu wasomavyo riwaya, maana ndani yake mna fikra, mna hofu, na mna sura ya yule kiumbe ambaye mwandishi alikuwa naye akilini. Hapa nataka kuhakiki kanuni za mchezo mmoja ambao huenda msomaji hajapata kuuona kwa macho yake, yaani mashindano ya mbwa kuruka viunzi, ambayo kwa jina la kigeni huitwa ajiliti. Nitashughulika na sehemu moja tu, ile isemayo mbwa apimwe vipi na awekwe katika kundi gani.

Najua wapo watakaocheka. Kwetu mbwa hulinda boma usiku au humfuata msasi porini, wala hakuna amsimamishaye ampime kimo. Hata hivyo namwomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo lililomo humu ni kubwa kuliko mbwa. Ni jambo la kuchora mstari na kuamua nani awe upande huu na nani awe upande ule, na kila aliyepata kusahihisha mitihani anaujua uzito wake.

Mchezo huu ulizaliwa London mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. Waandaaji walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji baina ya shughuli mbili, wakaiga mashindano ya farasi wa kuruka vizuizi. Kennel Club ya Uingereza iliutambua mchezo rasmi mwaka 1980. American Kennel Club ya Marekani ilianza mashindano yake mwaka 1994, na FCI, shirikisho la kimataifa lenye makao yake Thuin, Ubelgiji, likaanzisha mashindano ya dunia mwaka 1996. Mbwa hukimbia bila kamba, mwongozaji wake akimwelekeza kwa sauti na kwa mkono. Huruka viunzi, hupenya bomba, hupanda ubao wa pembea, hujipinda katika safu ya vijiti. Mshindi ni yule mwenye makosa machache na muda mfupi.

Lakini mbwa si farasi. Katika viumbe wanaofugwa, sijui mwingine ambaye watu wa jamii yake wametofautiana kimo kama yeye. Yupo anayeingia katika kikapu cha sokoni, na yupo anayeweza kuweka kidevu mezani bila kunyanyua miguu. Ukiweka kiunzi kimoja kwa wote, umekwisha kuamua mshindi kabla ya filimbi kulia. Ndiyo maana kanuni ikabidi ipime na igawe.

Kinachopimwa ni kimo kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo. Kichwa hakihesabiwi, maana mbwa hukiinua na kukiinamisha apendavyo. Husimamishwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, miguu imenyooka, kisha huwekewa fimbo yenye mkono wa kuteleza, au chombo chenye umbo la mlango mdogo kinachopitishwa juu ya mabega. Baada ya hapo hesabu huamua. Kwa kanuni za FCI zilizotumika hadi mwisho wa mwaka 2022, mbwa aliyepungua sentimita 35 alikuwa mdogo. Aliyefika 35 lakini hakufika 43 alikuwa wa kati, na aliyefika 43 au zaidi alikuwa mkubwa. Wadogo waliruka viunzi visivyozidi sentimita 30, wa kati visivyozidi 40, na wakubwa visivyozidi 60.

Hebu msomaji achukue penseli. Mbwa wa sentimita 42.9 aliruka 40. Mwenzake wa sentimita 43 aliruka 60. Tofauti yao mabegani ni unene wa sarafu, lakini tofauti ya viunzi vyao ni sentimita 20. Huyu wa pili alitakiwa kuruka kitu kilichomzidi kimo kwa sentimita 17, karibu asilimia 40, na alishindanishwa na mbwa wa sentimita 60 aliyekuwa akiruka urefu wa mabega yake tu. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kanuni hii ilimpa ndege mmoja ubawa wake, na mwingine ikamwambia aazime.

Wala tusisahau kwamba anayepimwa ni kiumbe hai. Mbwa mwenye hofu hujikunyata, mwenye furaha hujitutumua, na aliyechoka huachia mabega yashuke. Mpimaji mmoja hubonyeza manyoya, mwingine huyagusa tu. Kipimo chenye kutikisika namna hii kinaweza kupotea kwa milimita kadhaa pasipo mtu yeyote kudanganya. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya kanuni ya zamani. Iliambatisha adhabu kubwa mno kwenye tofauti ndogo kuliko uwezo wa mpimaji kuiona.

Msomaji wa umri wangu atakumbuka jinsi watoto walivyopokelewa darasa la kwanza siku ambazo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akiligusa, amefika umri. Asipoligusa, arudi nyumbani angoje mwaka mwingine. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilikuwa nikiwauliza wanachuo hapo kilikuwa kikipimwa kitu gani. Wengi walijibu kuwa ni umri. Wachache walijibu kuwa ni mkono, na hao ndio walioanza kufikiri kama walimu. Mtoto mwenye mikono mirefu aliingia kabla ya wakati, na mwenye mikono mifupi akapoteza mwaka mzima wa masomo kwa ajili ya upana wa vidole viwili. Sisemi kipimo kile hakikuwa na faida, maana bila cheti mwalimu angefanya nini? Nasema kilipima kitu kimoja kwa niaba ya kingine, na watu wakasahau kuwa ni niaba.

Kimo cha mabega nacho ni niaba. Anachohitaji mbwa ili aruke salama ni nguvu za miguu ya nyuma, wepesi wa mwili, na viungo vinavyoweza kupokea uzito atuapo. Chukua mbwa wawili wa sentimita 45, mmoja mwembamba kama swala, mwingine mnene mwenye kifua kizito. Kanuni huwaona ni sawa. Mabega yatakayopokea mshindo mara nyingi katika mbio moja si sawa hata kidogo. Na mbwa hana kinywa cha kulalamika. Hupenda kumridhisha mwongozaji wake, ataruka hata kinachomuumiza, na tutakuja kujua amechechemea baada ya miaka.

Hata ndugu wa tumbo moja hutenganishwa. Mbwa wa kuchunga wa visiwa vya Shetland, kwa kiwango cha Marekani, hutarajiwa kuwa na kimo cha inchi 13 hadi 16, yaani sentimita 33 hadi 40 na ushei. Mstari wa sentimita 35 unapita katikati ya jamii hiyo. Dada akaruka na wadogo, kaka na wa kati, na damu ni ile ile.

Mjukuu wangu anayeishi Ujerumani ana mbwa wa kimo cha sentimita 43 na nusu. Kwa kanuni ya zamani aliandikwa mkubwa katika kitabu chake cha mashindano. Baada ya misimu miwili mjukuu akaacha kumshindanisha. Nilipomuuliza kwa simu kama mbwa ameshindwa, alinijibu, “Babu, hajashindwa. Kila akiruka mimi ndiye ninayefumba macho.” Sikuwa na la kumjibu, ila nilimwomba anitumie kanuni zenyewe nizisome. Hivyo ndivyo uhakiki huu ulivyoanza.

Haki itendeke pia kwa waandishi wa kanuni, maana wamesikia. Uingereza iliongeza kundi jipya mwaka 2020, kwa mbwa waliozidi sentimita 43 lakini hawakuzidi 50, nao huruka 50. FCI ikafuata tarehe 1 Januari 2023, kwa mbwa waliofika 43 lakini hawakufika 48, viunzi vyao vikiwa 45 hadi 50. Mbwa wa mjukuu wangu amepimwa upya na amerudi uwanjani. Hakukua wala hakupungua. Kanuni ndiyo iliyosogea.

Wapo wanaonung’unika kwamba makundi yakizidi ushindi hupungua thamani, na kwamba mwisho kila mbwa atakuwa na kundi lake na medali yake. Hoja hii ina uzito, maana mashindano bila wa kushindana naye ni mazoezi tu. Lakini wanaosema hivyo huhesabu makundi badala ya kuhesabu gharama ya kuvuka mstari. Hapo zamani milimita moja kwenye kimo cha 43 iligharimu sentimita 20 za kiunzi. Sasa inagharimu 10. Mistari haiwezi kufutwa, kwa kuwa pasipo mstari hakuna mashindano wala mtihani. Inawezekana lakini kuichora ili yule aliyeangukia upande mbaya asipoteze mno. Kwangu mimi hiki ndicho kigezo cha kuhukumia mgawanyo wowote, wa mbwa au wa watahiniwa.

Kwa kigezo hicho Wamarekani wametangulia. Wana ngazi tano za kawaida, za inchi 8, 12, 16, 20 na 24, na kila ngazi inapishana na jirani yake kwa inchi 4, karibu sentimita 10. Tena wameweka mlango wa pembeni, ambapo mwenye mbwa anaweza kuchagua viunzi vilivyoshushwa kwa inchi 4 bila kuulizwa sababu. Huo mlango ndio ninaousifu kuliko yote. Kanuni imekiri kuwa fimbo ya kupimia haijui kila kitu, ikamwachia neno la mwisho mtu anayemfahamu mbwa wake, anayejua uzito wake, umri wake na jeraha lake la zamani.

Lipo bado moja. Katika mgawanyo wa FCI wadogo hawakuguswa. Mbwa wa sentimita 34 huruka 30, chini ya mabega yake, na yuko kundi moja na mbwa wa sentimita 22, ambaye kiunzi hicho hicho kinamzidi kwa sentimita 8, zaidi ya theluthi ya kimo chake. Wamarekani humrushia mbwa asiyezidi sentimita 28 kiunzi cha 20. Waliotengeneza mgawanyo mpya wa Ulaya waliitazama dhuluma ya katikati wakaiondoa, ile ya chini wakaiacha.

Kama ningeletewa ukurasa huu niusahihishe, kwa kalamu yangu nyekundu ya zamani ningeandika pembeni: kazi nzuri, maendeleo yanaonekana, sasa rudi ukawashughulikie wadogo.