Gramu Chache Zinazolifunga Ziwa

Bidoni la lita 20 lililojaa mafuta ya mawese likidondoka ziwani hapa Kilibula, Uvira, halizami. Linalala ubavu, sehemu kama moja ya kumi ikichungulia juu. Lita ya mawese ina takribani gramu 900, lita ya maji ya ziwa inakaribia 997. Kinachoamua ni densiti, yaani uzito katika ujazo ule ule.

Maji yakipata joto hutanuka, na lita hupungua uzito. Kwenye nyuzi 24 za Selsiasi lita ina gramu 997.3, kwenye nyuzi 27, gramu 996.5. Mtumbwi wa tani moja pamoja na shehena yake, ukihamia maji ya nyuzi 27, utasukuma maji ya ziada yasiyofika lita moja. Nahodha hawezi kuona tofauti. Mtumbwi ukizama, tuulize habari za shehena, abiria na mawimbi, joto la maji tuliache.

Gramu hizo hizo, hata hivyo, ndizo zinazolifunga Ziwa Tanganyika. Kina chake kinafika mita 1,470. Vilindini joto ni nyuzi 23 na kitu mwaka mzima, na juu hufika 27 hivi. Nyuzi tatu nne zinaonekana si kitu, lakini maji hayatanuki kwa kiasi kile kile kila mahali. Kutoka nyuzi 4 hadi 5, kama katika maziwa ya Ulaya wakati wa baridi, lita haipotezi hata sehemu ya mia ya gramu. Kutoka 25 hadi 26 inapoteza robo gramu, zaidi ya mara thelathini! Ndiyo maana maji yetu ya juu yanaelea juu ya yale ya chini wala hayachanganyiki kirahisi.

Upepo wa kusini-mashariki, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuja kwetu kaskazini. Kule kusini maji baridi hupanda na virutubisho. Virutubisho huotesha mwani, mwani hulisha vijidudu, vijidudu hulisha samaki wadogo waitwao ndagala, na samaki aitwaye mukeke humla ndagala. Mwaka 2003 tafiti mbili, katika majarida ya Nature na Science, zilionyesha kwamba ziwa limepata joto na kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini kumedhoofika.

Kwa hiyo kupima joto la uso wa ziwa peke yake hakutoshi. Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kipo hapa hapa Uvira: kipewe boti, mafuta na vipimajoto vya kushushwa kilindini kila mwezi.